Nyumba Isiyo na Jiwe

Je, baba alijua? Nilianza kujiuliza swali hili nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia chuo kikuu, na leo, nikiwa na mvi ninazozipaka rangi kila mwisho wa mwezi, bado sina jibu.

Nyumba ya baba iko Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, mahali palipokuwa na ngome ya Mtwa wetu, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani. Mgeni akifika leo huitafuta ngome asiione. Huonyeshwa matuta ya udongo na mawe yaliyojificha kati ya mahindi na alizeti. Huonyeshwa kilima cha ng'ambo ambako mizinga ilipangwa. Mwisho huingizwa katika jumba dogo la makumbusho kulitazama fuvu la Mtwa, lililochukuliwa likapelekwa Ulaya na kurudishwa baada ya miaka mingi, sasa limetulia ndani ya kioo. Hapo watu huvua kofia. Nusu saa inatosha kwa yote, na wengi huwa na haraka ya kuwahi chakula mjini.

Aliyewafanya wakae zaidi ya nusu saa alikuwa baba. Hakuajiriwa na mtu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenye koti moja la kijivu na fimbo ya kuelekezea, na alikuwa na kipaji cha kuusimamisha ukuta kwa maneno. "Hapa," alisema, akiichora hewa kwa fimbo, "ukuta ulinipita kimo mara mbili. Na pale penye mparachichi alisimama babu yangu, baba mzaa baba, mpaka ukuta ulipoanguka chini ya miguu yake."

Ushahidi wake ulikuwa mwiko wetu. Koo za Kihehe zina miiko, na mingi ni ya chakula. Sisi tulikuwa na mmoja wa ziada: hatubebi jiwe, wala hatujengi kwa jiwe. Baba alieleza kwamba siku ngome ilipobomolewa, babu yake aliapa kuwa hakuna mtu wa damu yake atakayeweka jiwe juu ya jiwe mpaka ukuta wa Mtwa usimamishwe tena. Wageni waliipenda sana sehemu hiyo. Niliwahi kumwona mama mmoja wa makamo akifuta machozi kwa kitenge chake.

Wageni hawakuiona nyumba yetu. Ilijengwa kwa tofali za udongo zilizoanzia ardhini moja kwa moja, bila msingi, katika nchi ambayo masika hayana huruma. Kila mwaka maji yalizila nyayo za kuta, na kila mwaka mama, Mbena aliyeolewa katika ukoo huu bila kuambiwa habari za mawe, alipiga magoti na kuziba nyufa kwa udongo na samadi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tu, mikono ikiwa imejaa tope hadi kwenye viwiko, alituambia sisi watoto: "Ukuta wa babu yenu ni imara kuliko wangu, na wenyewe haupo."

Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, katika chumba ambacho ukutani mwake, kwa unyevu, ungeweza kuandika jina lako kwa kidole. Sidai kwamba nyumba ilimuua. Nasema tu chumba kilikuwa hivyo.

Nilipotakiwa kuandika tasnifu, nilichagua ngome ya Kalenga. Nilidhani kazi yangu ingekuwa nyepesi, kwa kuwa nilizaliwa juu yake. Nilikwenda kumhoji shangazi, dada mkubwa wa baba, nikamkuta jikoni akimenya viazi, kikombe cha ulanzi, pombe ya mianzi, kikiwa karibu na goti lake.

"Babu hakusimama ukutani, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Alibeba."

"Alibeba nini, shangazi?"

"Mawe. Ya ukuta huohuo. Wadachi walipoubomoa waliwabebesha watu mpaka Iringa, wakajenge boma lao. Bega lake la kushoto lilikuwa na kovu gumu kama kwato. Nimelishika kwa mkono huu. Akatuambia: msibebe jiwe, nyinyi, sehemu yenu nimekwisha kuibeba."

Niliacha kuandika. "Baba anayajua haya?"

Shangazi alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. "Babu anakufa, baba yako yuko mgongoni mwa mama, ananyonya gumba. Kamuulize mwenyewe. Si ndiye mwalimu?"

Sikumuuliza. Tena, na hili ndilo linaloniuma, sikuliandika. Niliandika kiapo cha ukutani, kwa lugha safi na tanbihi za kutosha, nikasifiwa na msimamizi wangu kwa kuipa sauti historia ya wanyonge. Mnyonge mwenyewe, mwenye bega lililoota kwato, nilimwacha jikoni kwa shangazi. Baba aliiweka nakala ya tasnifu hiyo katika mfuko wa nailoni na kuwaonyesha wageni. Hivyo uongo, kama ulikuwa uongo, ulipata shahada kupitia mimi.

Nikahamia Mbeya kufundisha, nikajenga nyuma ya soko la Mwanjelwa. Nyumba yangu ina msingi wa mawe. Baba alipokuja kuiona, nilikuwa nimekwisha kuupiga lipu ili asiyaone. Aliugonga kwa fimbo yake, akasema, "Umejenga vizuri, mama," nami nikakubali sifa hiyo.

Masika ya mwaka huu jirani alinipigia simu. Nilipanda basi la alfajiri, nikapita Mafinga malori ya mbao yakiwa bado yamejipanga barabarani, na kufikia mchana nilikuwa Kalenga. Kona ya chumba cha baba ilikuwa imeanguka. Kitanda chake kilionekana kutoka nje, kimetandikwa vizuri.

Fundi niliyemwita aliuzunguka ukuta mara mbili. "Hapa hakuna cha kuziba, mzee. Tuchimbe, tuweke msingi wa mawe. Usipofanya hivyo, mvua ijayo paa linakufuata kitandani."

"Sisi hatutumii mawe."

"Basi tofali za saruji."

"Saruji ni nini kama si jiwe lililosagwa?"

"Mzee, hata kaburi lina mawe."

"Nikifika huko hamtanisikia nikibisha," alijibu baba, na fundi akacheka, akaokota futi yake na kusema angerudi tukielewana.

Tulibaki wawili barazani. Nilimwambia yote: viazi, bega, kovu, maneno ya babu. Nilimwambia kwamba mwiko wenyewe ulikuwa huruma, na kwamba mtu aliyeubeba ukuta kwa bega lake hangependa mjukuu wake auawe na ukuta. Nilitumia sauti ninayotumia darasani, kwa sababu sikuwa na nyingine.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alisema, "Shangazi yako alipenda ulanzi."

"Baba, ulijua?"

"Jua linazama. Niletee koti langu."

Nilimletea. Aliingia kulala katika chumba chenye kuta tatu na nusu, akaegesha mlango, kana kwamba mlango ulikuwa bado na kazi. Nilikaa pale barazani nikifikiria lipu ya Mwanjelwa, na magoti ya mama, na msimamizi aliyenisifu. Nikampigia simu fundi, nikamwambia alete mawe, ruhusa ipatikane isipatikane.

Asubuhi, fundi akiwa ameanza kuchimba mtaro wa msingi, trekta liliyamwaga mbele ya nyumba, mawe ya mlimani yenye kona kali. Baba alitoka akiwa amekwisha kuvaa, fimbo mkononi. Kwenye makumbusho gari la wageni lilikuwa limefika.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi.

"Marahaba. Haya mawe ya nani?"

"Yangu, baba," nikajibu.

Aliyatazama, kisha akanitazama mimi. "Basi yabebe mwenyewe," alisema, akaenda kwa wageni wake.

Fundi alinyoosha mikono kulichukua jiwe la kwanza. Nilimwambia aache. Nikaliinua, nikaliweka bega la kushoto, nikatembea nalo mpaka kwenye mtaro, nikalishusha.