Mkalimani wa Mlimani

Nyumba yetu ya mlimani Bugarama ilibomolewa tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, bondeni kando ya barabara. Mama alikuwa amekwisha kufa, akazikwa nyuma ya ile nyumba, kwenye migomba. Baba alihamia bondeni kama wengine, lakini kila asubuhi alipanda kwenda kupalilia, na jioni akashuka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nafundisha kisomo cha watu wazima, kwa hiyo Kiswahili changu kilitafutwa.

Wataalamu wa madini walipokuja, katibu wa kijiji alinichukua niwe mkalimani. Tulimkuta baba katikati ya shamba, jembe mkononi. Mkubwa wao, kijana wa kutoka Dar, alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akanigeukia. "Muulize, kuna mtu anaishi hapa?"

Nikamuuliza baba kwa Kihangaza, lugha yetu. Akajibu akinitazama mimi, si wao. "Waambie naishi hapa. Na mama yako yuko hapa."

Katibu alisimama karibu nami. Naye ni Mhangaza, alisikia. Jirani yetu aliyerudi mlimani na kujenga kibanda alikuwa amechomewa kibanda hicho, yeye akalala mahabusu.

Nikasema, "Hakuna mtu."

Kijana akaandika. Katibu akatazama pembeni. Sikuhisi kitu. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na kiu.

Walichoronga miamba majuma kadhaa. Mtambo ulitoa mawe marefu ya mviringo, membamba kama mihogo, wakayapanga kwenye masanduku ya mbao. Kigingi kimoja cha kuonyesha pa kuchoronga kilichomekwa juu ya kaburi la mama. Nilikiona, nikapita. Baba aliendelea kupanda mlimani kila asubuhi. Alikaa mbali kidogo na mtambo, akitazama migomba ikikatwa.

Kisha vita na Amini vikaanza. Malori yalichukuliwa kubeba askari, na wataalamu wakaondoka na masanduku yao. Mashimo waliyaziba kwa zege. Walichokipata hatukuambiwa.

Siku moja tulikuwa tunakula maharage. Baba akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema nyumbani, "Hakuna mtu." Halafu akarudi kwenye Kihangaza. "Maneno hayo nayajua. Karani wa ghala huyasema nikipeleka kahawa na mpimaji hayupo."

Nikaacha kula.

"Kula," akasema. "Ungesema vingine wangetuchukua wote wawili."

Nikala.

Baada ya vita watu walianza kurudi mlimani kimyakimya, mmoja mmoja, na hakuna aliyewazuia. Baba hakurudi. Alisema miguu inamuuma. Nilikwenda mimi, nikang'oa machipukizi matatu ya migomba yaliyoota kando ya zege pale kaburini, nikamletea. Akayapanda nyuma ya nyumba ya bondeni, kwenye udongo wa mchanga. Mawili yalikauka. La tatu lilizaa mkungu mdogo, tukaupika, ukatutosha kwa mlo mmoja.