Ulimi wa Bi Deki

Siku Bi Deki alipoonja bia kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na miaka arobaini na tisa, wajukuu wawili, na miaka kumi na tisa ya kupiga deki ndani ya kiwanda cha bia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliweka glasi mdomoni, akavuta funda moja la nguvu, na papo hapo macho yakamtoka pima. Aligeuka huku na huku akitafuta pa kutema, akakosa, akatemea aproni yake mwenyewe.

"Imeharibika!" alisema akijifuta ulimi kwa kiganja. "Jamani, hii bia imeharibika!"

Mkuu wa maabara, mwanamke mwenye miwani mikubwa ambaye kwa umri angeweza kuwa bintiye, alichukua ile glasi, akanusa, akaonja, akatikisa kichwa taratibu.

"Hapana, mama. Hii ni nzima kabisa. Ndiyo bora kuliko zote tulizonazo."

Bi Deki aliitazama tena ile glasi. Miaka kumi na tisa! Kila asubuhi alipoingia pale getini alipokelewa na harufu ya shayiri inayochemshwa, harufu nzito, tamu, kama uji uliotiwa sukari bila huruma. Kwa hiyo alijua, wala hakuwa na shaka, kwamba bia ni tamu. Hakuwa amewahi kuijaribu kwa sababu kwao hakuna aliyekunywa, na baada ya kuajiriwa alichoshwa nayo kwa kuiona sakafuni tu, ikinatanata kwenye kandambili zake. Lakini kwamba watu wanapanga foleni, wanaimba, wanagombana na wake zao kwa ajili ya kitu kichungu kama dawa ya malaria, hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Watu wanakunywa hii?" aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za msiba.

"Dunia nzima," mkuu wa maabara akajibu.

Alifikaje kwenye chumba kile cheupe chenye glasi? Kwa pua yake. Wiki moja kabla, waonjaji wawili wa kiwanda walikuwa wamestaafu kwa mpigo, na mkuu wa maabara alikuwa akiwapima wafanyakazi mmoja mmoja ili apate wa kuziba nafasi zao. Alipanga mezani vikombe kumi vyenye vifuniko, kila kimoja na harufu yake hafifu. Makarani walinusa wakabahatisha. Madereva walinusa wakapiga chafya. Bi Deki aliingia na fagio lake kufagia, akapita karibu na meza, akasema bila hata kusimama, "Hiki kimekaa na siagi. Kile pale ni mahindi ya kuchemsha. Na hiki cha mwisho ni boksi lililonyeshewa mvua."

Mkuu wa maabara aliacha kuandika. "Mama, umejuaje?"

"Si nina pua?"

Akapimwa rasmi. Akapata kumi kwa kumi. Akapimwa tena kesho yake, kwa vikombe vilivyotiwa nusu ya harufu. Kumi kwa kumi. Karatasi ya matokeo ilipelekwa kwa fundi mkuu wa bia, mtu mzima mwenye masharubu meupe ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Povu kisirisiri, naye alidhani wamekosea jina. "Huyu si yule wa deki?" aliuliza. Alipoambiwa ndiye, aliinua mabega, akasaini.

Tabu ilikuwa moja. Bia haionjwi kwa kutema. Mkuu wa maabara alimweleza kwamba uchungu wake unakaa nyuma kabisa ya ulimi, na asiyemeza hawezi kuupima. "Funda dogo tu, mama. Lakini lazima lishuke."

Bi Deki alipiga moyo konde. Alifumba macho, akameza, mwili wote ukamsisimka kama aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

Nyumbani habari ilimfikia mumewe akiwa anavua viatu. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa maneno mengi na chupa mbili za bia kila Jumamosi alasiri, aina ileile, tangu kabla hawajaoana.

"Wewe? Uonje bia?" Alicheka hadi akakaa chini na kiatu kimoja mguuni. "Basi na mimi niwe mkunga!"

"Cheka tu. Lakini niambie ukweli, baba watoto. Ile kitu ni chungu. Unaipendea nini?"

"Chungu? Bia ni tamu, mke wangu. Ulimi wako ndio haujasoma."

"Tamu kama nini?"

Alifikiri. "Tamu kama... bia."

Jibu hilo lilimkera Bi Deki wiki nzima. Jumamosi iliyofuata alimpangia mumewe glasi tatu mezani, kila moja na bia ya chapa tofauti, chupa zake kazificha nyuma ya pazia. Moja ilikuwa ileile aliyokula yamini kwamba hawezi kuiacha mpaka kaburini. Nyingine ilikuwa ile aliyozoea kuiita maji ya kuoshea chupa, ambayo hata akipewa bure anaisukuma.

"Nionyeshe ya kwako," alisema.

Mume alionja zote tatu kwa madaha, akazungusha glasi kama alivyoona watu wakifanya kwenye televisheni, akapiga ulimi, akaikumbatia glasi ya katikati. "Hii hapa! Hii naijua hata usingizini. Hebu onja mwenyewe, inavyoteremka!"

Bi Deki alifunua pazia. Glasi ya katikati ilikuwa maji ya kuoshea chupa.

Mume alishika chupa, akasoma jina, akaigeuza, akasoma tena kama hati ya mahakama. "Umebadilisha," alisema. Mkewe akamwambia afumbe macho wajaribu upya. Wakajaribu upya. Akayachagua tena yaleyale maji ya kuoshea chupa.

Siku mbili mume hakuongea naye ila kwa mambo ya lazima, nipe chumvi, funga mlango. Ya tatu, wakiwa wamekaa barazani baada ya chakula cha jioni, alikohoa.

"Nikwambie kitu? Mara ya kwanza nilitapika."

"Lini?"

"Nilipokuwa na miaka kumi na nane. Wenzangu wa karakana walininunulia. Nilienda nyuma ya ukuta nikatapika, nikarudi nikifuta mdomo, nikawaambia, jamani, tamu hii! Ningefanyaje? Wote walikuwa wanasema tamu. Ya pili nikasema tamu. Ya tatu pia. Sijui ni siku gani nilipoacha kudanganya." Alikuna kidevu. "Na ile chapa yangu, ndiyo aliyokuwa akinywa msimamizi wetu. Basi."

Bi Deki alimtazama kama anamwona upya. Miaka ishirini na sita ameishi na mtu huyu, amejifungua watoto wake, amezika wazazi wake pamoja naye, na hakuwahi kulisikia hilo. Alitaka kucheka lakini kicheko hakikuja.

Kazi iliendelea. Kila asubuhi waonjaji sita walikaa kila mmoja kwenye kijichumba chake, chini ya taa nyekundu ili wasidanganywe na rangi ya bia, wakipokea vikombe vyenye namba tu. Wanaonja, wanaandika, wanatafuna kipande cha mkate mkavu, wanaendelea. Baada ya kuonja, Bi Deki alivaa tena aproni akarudi kwenye ndoo yake, kwa sababu uonjaji ulikuwa wa saa moja tu na sakafu haikujisafisha. Miezi mitatu alimeza akikunja uso. Mwezi wa sita aliacha kukunja uso. Mwaka ulipokwisha, hakuwa akiipenda wala akiichukia. Ilikuwa kazi, kama kukamua tambara.

Halafu ikaja siku ya tangi la saba.

Alipewa kikombe kama kawaida. Alinusa, shingo ikasimama. Akanusa tena. Akaonja, akameza, na kooni kikabaki kitu kikavu, kama bandeji. Aliandika kwenye karatasi yake maneno matatu: harufu ya sakafu.

Wengine watano waliandika safi.

Mzee Povu alimwita mbele ya wote, karatasi mkononi. Nje malori yalikuwa yameshajipanga, kwani bia ya tangi hilo ilikuwa inaingia kwenye chupa mchana huohuo.

"Harufu ya sakafu ndiyo nini?"

"Mzee, kule kwenye chupa, zikipasuka, bia inamwagika chini," alisema Bi Deki. "Ukiimwagia klorini kabla hujaisuuza na maji, inatoka harufu kama ya kidonda kilichofungwa. Inakaba koo. Mimi husuuza kwanza, miaka yote hii, kwa sababu siivumilii. Hiyo harufu imo humu."

Mzee Povu alijimiminia kikombe, akanusa muda mrefu, akanywa chote. "Hakuna kitu."

"Kimo."

"Mama, mimi nimeonja bia miaka thelathini. Hawa watano wamesema safi. Wewe juzijuzi tu ulikuwa hujui bia ni chungu!"

Mtu mmoja alicheka. Uso wa Bi Deki ulimwaka moto. Alivua koti jeupe la waonjaji, akalikunja vizuri, akaliweka mezani.

"Sawa, Mzee. Mkiitoa hiyo kwa watu, mimi nitabaki na ndoo yangu. Ndoo hainiulizi nimesoma wapi."

Mkuu wa maabara ndiye aliyeingilia. Aliomba tangi lisifunguliwe kwa siku mbili, sampuli ipelekwe kupimwa kwa mashine kwenye maabara kubwa ya mjini. Mzee Povu alikubali kwa shingo upande, akayarudisha malori, na kwa siku mbili hakumsalimia Bi Deki wala mkuu wa maabara. Kwenye chumba cha chai watu waliacha kuongea alipoingia. Alilala vibaya. Alianza hata kujiuliza kama pua yake imemchezea shere.

Siku ya tatu mkuu wa maabara alikuja mbio kwenye korido, miwani imepanda juu ya paji, akamkuta Bi Deki amepiga magoti anafuta kona.

"Mama! Kimo!"

Kilikuwemo, kidogo kiasi cha tone katika pipa, lakini kilikuwemo. Walishuka wote hadi kwenye tangi la saba kutafuta kilikotoka. Haikuchukua muda. Kando ya mpira wa kusuuzia bomba palikuwa na dumu la buluu, na Bi Deki alilitambua kabla hajalifikia: lilikuwa la kwake, la klorini ya sakafu, ambalo alikuwa amelikosa stoo juma lililopita akadhani limeisha. Mfanyakazi wa zamu aliitwa. Alikiri bila kuzungusha. Dawa ya matangi ilimwishia katikati ya kazi, akachukua hiyo. "Nilidhani zote ni za kusafishia," alisema, jasho likimtiririka.

Mzee Povu alichota bia ya tangi kwenye kikombe mara nyingine, akanusa, akaonja, akanusa. Kisha akakaa polepole juu ya kreti lililopinduliwa.

"Sisikii kitu," alisema. "Mpaka sasa, najua kimo, na sisikii kitu."

Mkuu wa maabara alimweleza kwa upole kwamba si kosa lake. Kuna watu wanaozaliwa pua zao haziipati harufu hiyo, na wengine wanaipata vizuri mno. Mzee hakufarijika. Alikuwa akihesabu vidoleni, midomo ikicheza, na Bi Deki alielewa anachokifikiria: miaka thelathini, matangi mangapi yamepita mbele ya pua hii? Alimwonea huruma kuliko alivyowahi kumwogopa.

Mzee Povu alisimama, akavua kofia. "Nisamehe, mama. Nilikuvunjia heshima mbele ya watu." Siku hiyo tangi la saba lilimwagwa lote, na kesho yake aliyasema maneno hayohayo mbele ya waonjaji wote, bila kupunguza hata moja. Tangu hapo hakuruhusu bia itoke bila sahihi ya Bi Deki, na kabla mwezi haujaisha alimwandikia barua ya kumtoa kwenye usafi moja kwa moja. Jina la Bi Deki halikutoka. Watu walishazoea.

Lililomshtua kuliko hayo yote lilimpata likizoni, nyumbani kwa dada yake mkubwa, mwanamke mcha Mungu asiyeruhusu hata siki kupita mlangoni. Ilikuwa siku ya tisa, saa saba mchana, jua kali, wanachambua mboga. Ghafla mate yalimjaa mdomoni. Alidhani ni njaa, akala muwa. Hapana. Alidhani ni kiu, akanywa maji vikombe viwili. Hapana. Kitu fulani nyuma kabisa ya ulimi kilikuwa kinadai haki yake. Alipokitambua aliachia kisu kikaanguka.

"Una nini?" dada akauliza. "Umejikata?"

"Dada, naitamani bia."

"Unatamani nini?"

"Bia. Ule uchungu. Yesu wangu, naitamani kweli!"

Dada alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wamekuharibu! Nilisema mimi, kile kiwanda kitakuharibu!" Bi Deki mwenyewe alikuwa ameduwaa kuliko dada. Alikaa dakika nzima akingoja hamu ipite, kama anavyongojwa mgeni asiyekaribishwa. Haikupita. Akanawa mikono, akajifunga kanga, akaenda dukani mwenyewe, akarudi na chupa moja baridi ndani ya gazeti. Kwa heshima ya dada hakuingia nayo ndani. Alikaa kwenye ukingo wa karo la kufulia, akaifungua, akanywa bila karatasi wala namba, bila mtu wa kumwuliza amepata harufu gani. Dada alichungulia dirishani na sala mdomoni, akamwona mdogo wake anaimaliza yote, halafu anakaa tu pale juani, ameshika chupa tupu, anatikisa kichwa.