Pedeli Chini ya Mguu Wangu

Nina hasira za karibu, na kwaya yangu inalijua hilo. Ndiyo maana Pasaka ile, muziki ulipokatika katikati ya wimbo wa shukrani, hakuna aliyeshangaa nilipomgeukia mama aliyekuwa akinifunulia kurasa za nota nikipiga kinanda.

Mama huyo ni fundi cherehani wa hapa hapa Temeke. Aliimba sauti ya kwanza miaka mingi, mpaka akafanyiwa upasuaji wa koo na sauti ikaondoka. Akaomba akae kando ya kinanda anifunulie nota, ili asitoke kwenye kwaya. Nilipoacha karatasi nikahamia kwenye kishikwambi, naye akajifunza kutelezesha kidole. Pasaka ile tulikuwa ukurasa wa tatu, akatelezesha, ukatokea wa tano. Nikapotea kabisa. Baada ya misa nikamwambia mbele ya kwaya nzima, "Mama, kama macho yamechoka si useme tu?" Akavua miwani yake na kuikunja.

Wiki ile ile nikaanza kutengeneza pedeli ya kugeuzia kurasa. Nilikuwa na kibodi chakavu ya kompyuta, isiyo na waya, inayoungana na kishikwambi; nikaifungua, nikaunganisha nyaya mbili penye kitufe cha mshale, nikazipeleka kwenye swichi ya kengele ya mlangoni. Kilichokosekana ni kitu cha kukanyagia. Nikaenda kwa yule mama. Akanipa pedeli ya cherehani yake ya zamani ya umeme, akaifuta vumbi kwa kanga, wala hakuuliza ya nini. Nami sikusema. Nilijidanganya kwamba nitamweleza ikishafanya kazi.

Ikafanya kazi. Jumapili iliyofuata alikuja na sare yake, akakuta stuli yake imeondolewa na pedeli iko chini ya mguu wangu. "Hongera, mwalimu," akasema, akaenda kukaa na waumini wengine. Wanakwaya walinisifu kwa ubunifu, nikavimba kichwa.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa peke yangu nyumbani, nilifungua tena wimbo ule nijikumbushe. Ukurasa wa tatu, nikakanyaga, ukaja wa tano. Nikailaani pedeli. Kisha nikarudi nyuma kwa kidole, mmoja mmoja: wa nne haukuwamo kabisa. Nota zile nilizipiga picha mwenyewe kwa simu, Jumamosi ya mkesha, haraka haraka, baada ya kufanya mazoezi yote ya wimbo huo kwa karatasi. Niliona aibu hadi nikazima kishikwambi.

Kesho yake nilimfuata kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Nikamweleza yote. Alikuwa anapinda gauni la mtu, hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Mie nilifunua mmoja tu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbele ya wanakwaya wako? Wangekusikiliza tena?"

Nikamwomba arudi, nikaahidi kuwaambia wote kosa lilikuwa langu. Akasema nisijisumbue, siku hizi anasali misa ya kwanza. Kule hakuna anayemuuliza macho yake yanaendeleaje.

Tumeshafanya mazoezi mara nyingi tangu siku hiyo. Kila mara nasimama mbele yao nikiwa nimejipanga kusema, halafu nawapa tu nota ya kuanzia. Kwaya mpaka leo inaamini ni macho yake.