Kinanda cha Kukanyaga

Kinanda cha kanisa letu pale Emali kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu, na panya walikuwa wametoboa mfuko wake wa hewa. Kila ubeti ukiisha, hewa nayo iliisha, na ilinibidi nikanyage kwa nguvu ndipo tuendelee. Kilinikera sana! Waumini waliningoja tu, akina mama wakifunga leso zao vizuri, miaka nenda miaka rudi.

Mwishowe tukanunua kinanda cha umeme. Jumapili ya kwanza nilimaliza ubeti, nikaingia wa pili moja kwa moja, nikajikuta napiga peke yangu. Kanisa zima lilikuwa kimya, likiningoja. Nikakanyaga sakafu tupu kwa nguvu, kama zamani. Ndipo wakaimba.