Alama Nyuma ya Kabati

Kila mvua ilipoanza kunyesha kwetu Mutuini, mama yangu alivaa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Si kwamba alikuwa anaenda shambani. Alizivaa akiwa ndani ya nyumba, akikaanga vitunguu, akisoma Biblia, akisikiliza matangazo ya vifo redioni. Sisi watoto tulimcheka. Baba, ambaye alifanya kazi mjini na kuja nyumbani mwisho wa juma tu, alisema mkewe ana miguu ya baridi. Mama alicheka pamoja nasi, na gambuti hakuzivua mpaka mvua ilipokatika.

Nalitaja hilo mapema kwa sababu niliishi nalo miaka yote hii bila kulielewa, na mimi hupenda kujiona mtu wa akili.

Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa ya shamba. Ukitoka mlangoni ulipita tangi la maji, kisha zizi la ng'ombe, kisha migomba, kisha nyasi za kulisha ng'ombe, na baada ya hapo bwawa la zamani lililochimbwa na mkulima wa kizungu kabla baba hajazaliwa. Mama hakutaka tulikaribie. "Huko kuna kitu," alisema, na hakusema ni kitu gani. Watu wa rika lake hata samaki hawali. Kwao samaki ni binamu ya nyoka. Kwa hiyo mimi, kwa ukaidi wa kawaida wa mtoto aliyekatazwa, nikajifunza kuvua.

Sasa nina kibanda cha kutengeneza simu Adams Arcade, Nairobi, na ninaishi mtaa wa Jamhuri, ghorofa ya tatu, na mke na binti mmoja. Lakini Jumamosi zangu zote zilikuwa za bwawa. Kambare wa pale ana nguvu za fahali. Unahangaika naye mpaka mikono inakufa ganzi, unamvuta ukingoni, unamtazama, unamng'oa ndoano taratibu, unamrudisha majini. Majirani waliona nimerogwa. "Unamshika halafu unamwachilia?" aliniuliza mmoja. "Si uende tu sokoni uwaangalie bure?"

Tulikuwa wachache wenye kichaa hicho, tukaunda kikundi. Wakanichagua mwenyekiti kwa kuwa nina mdomo. Tulipopata habari kwamba serikali inatoa ruzuku ya kuhifadhi samaki wa uvuvi wa burudani na kuwafungulia watu njia ya kufikisha mashua majini, nilikuwa wa kwanza kwenda mjini kuuliza. Afisi ilikuwa kwenye jengo ambalo lifti yake imesahau kazi. Nilifika juu nahema, nikapokewa na mama mmoja mpole, ndiye afisa, akanieleza masharti.

Ukuta wa bwawa ungeinuliwa ili maji yaongezeke na mashua zielee. Gati dogo la mbao lingejengwa, na njia ya kulifikia ibaki wazi kwa kila mtu, tajiri na maskini. Halafu, kuzunguka bwawa lote, kuanzia pale maji yalipowahi kufika yakijaa kabisa, kungepimwa ukanda usio na nyumba. Alinieleza sababu: tilapia hutaga na kulea pembeni, kwenye maji haba na matete, na choo au saruji ya mtu ikishuka pale, vifaranga wote wanakwisha.

Nilitikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikaniuma. Nilimpa hata hotuba ndogo kuhusu wanaojenga kando ya maji halafu wanalia kwenye taarifa ya habari. Mkuki kwa nguruwe.

Tulipokubaliwa tulichinja mbuzi. Nilicheza kuliko wote.

Siku ile nilipopigiwa simu nilikuwa kibandani, simu ya mteja iko wazi mbele yangu, bisibisi mkononi. Afisa aliniambia mpimaji yuko njiani wiki hiyo. Hakuna rekodi ya mahali maji yalipofika zamani, alisema, kwa hiyo mpimaji atamuuliza mkaaji mzee kuliko wote karibu na bwawa, na hapo atakapoonyeshwa ndipo ukanda utaanzia. "Kuna mzee yeyote hapo?" akauliza.

Bisibisi iliniponyoka. Mkaaji mzee kuliko wote karibu na bwawa alikuwa mama yangu.

Sijui nilimjibu nini. Najua kwamba niliona shamba letu lote kichwani kwa mara ya kwanza kama linavyoonwa na mpimaji: bwawa, nyasi, migomba, zizi, tangi, nyumba. Kama maji yalikuwa yameishia kwenye migomba, ukanda ungefika zizini na nyumba ingepona. Kama yaliwahi kupita hapo, hata kidogo, nyumba ilikuwa imekwenda. Na serikali nilikuwa nimeiita mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mtu wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa ile alama nyekundu, ile X ya kubomolewa ambayo mtu hupakiwa ukutani akiwa hayupo. Nilishaona wanawake wamekaa juu ya magodoro barabarani huku tingatinga likila jikoni mwao, na kila mara nilisema, hawa si walijua ni ardhi ya maji? Sasa kila nilipofumba macho niliona mama juu ya godoro lile lile. Chakula kilinishinda. Mke wangu aliniuliza kama nimepimwa sukari.

Nilirudi mjini, nikapanda zile ngazi tena.

"Madam, tumebadilisha nia," nikamwambia afisa. "Hiyo ruzuku hatuitaki tena."

"Si ni wewe uliniambia samaki wanaisha?"

"Tumefikiria tu."

Alivua miwani. "Ruzuku mnaweza kuacha, hakuna mtu atawalazimisha. Lakini kupima kumeshapitishwa. Bwawa ikipimwa inaingia kwa ramani, na ramani huwezi kuacha." Akanitazama kidogo. "Kuna mtu wako ako na nyumba hapo?"

"Hapana," nikasema.

Nilishuka ngazi. Kumkana mama yako si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Ni neno moja tu. Kigumu ni kutembea baada ya hapo.

Nikaenda Mutuini. Nilimkuta mama akichambua maharagwe barazani, leso begani, kilemba cha wamama wa kanisa kimeanikwa kwenye kamba. Nilikuwa nimepanga kumwambia yote. Badala yake nikamwambia atakuja kijana wa kupima bwawa kwa ajili ya samaki wetu, na atamuuliza maji yaliwahi kufika wapi.

"Wewe sema tu hayajawahi kupita migomba, Mami."

Hakuinua kichwa. "Hiyo ndiyo wewe unataka niseme?"

"Si ndiyo ukweli?"

"Sawa, baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake, na sijawahi kulisikia neno hilo likiwa zito namna ile. "Kunywa chai, itapoa."

Mpimaji alikuja asubuhi yenye mawingu. Alikuwa kijana wa Ukambani, mchangamfu, kifaa chake cha miguu mitatu begani, na kwenye kidole kimoja alining'iniza kikopo cha rangi. Mimi sikuona kingine chochote juu ya yule kijana isipokuwa kile kikopo. Kifuniko chake kilikuwa na michirizi myekundu iliyokauka.

Tulikuwa tumesimama kwenye migomba. Mama aliteremka polepole, akamsalimu, akamuuliza kama amekula. Kijana akacheka, akasema amekula.

"Shosho, nisaidie na kitu moja tu," akasema, kama anayemwita nyanya yake. "Hiyo mvua kubwa kabisa umewahi ona, maji ya hapo chini ilifika wapi?"

Mama akanitazama. Nikainua midomo kidogo kuelekea migomba, vile tunavyoonyeshana vitu kwetu. Mama aliitazama midomo yangu kwa muda, kisha akageuka na kuanza kupanda.

Alipita migomba. Nikamwomba Mungu asimame. Alipita zizi, ng'ombe akamlilia, hakumjibu. Kwenye tangi nilitaka kumshika mkono, lakini mpimaji alikuwa anatutazama. Alifungua mlango wa nyumba, akaingia sebuleni, na mpimaji akavua kofia akamfuata.

"Nisaidieni kusukuma hii," mama akasema.

Lilikuwa kabati lake la mvule, la harusi, refu kuliko mimi, ambalo sijawahi kuliona likihamishwa. Tulilisukuma mimi na kijana mpaka likaachana na ukuta. Nyumba yetu ilipakwa chokaa kila mwaka, nyeupe kama shuka. Lakini nyuma ya kabati chokaa ilikuwa ya zamani, na juu yake mstari wa kahawia ulikatiza ukuta, umenyooka, kwenye kimo cha kifua cha mama. Chini ya mstari ukuta wote ulikuwa na rangi ya matope.

"Hapa," mama akasema.

"Shosho, lakini hii ni ndani ya nyumba."

"Najua ni ndani. Nilikuwa ndani."

Alizungumza na kijana, si na mimi, kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ilikuwa saa ya kukamua jioni. Njia ya kutoa maji huko kwa bwawa ilizibwa na matawi. Maji haikuja na kelele. Ilikuja pole pole chini ya mlango. Nikafungua, nikaona shamba hakuna. Nyumbani nilikuwa na huyu tu, mtoto mchanga, na baba yake ako kazini. Nikamuweka ndani ya karai, nikaweka karai juu ya kabati, nikasimama hapa nikiishikilia." Aliinua mikono yote miwili juu, na nikaona jinsi alivyosimama. "Ikafika kwa magoti. Ikafika kwa kiuno. Ikafika hapa. Mimi kuogelea sijui, mpaka leo. Nikasema, Mungu, hii maji ikipita mabega, nitafanya nini na hii karai?"

Nje ng'ombe alilia tena.

"Marehemu baba alijua?" nikauliza, na sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Ndugu zake walikuwa wamemwambia asijenge huku chini. Wangemcheka mpaka afe. Akikuja Jumamosi nilikuwa nimetoa matope yote, nimepaka chokaa. Nikamwambia iliishia kwa zizi. Kabati tu ndiyo ilinishinda kusukuma."

Kijana alikuwa ameshika kikopo chake kwa mikono miwili, hajui akiweke wapi. Nikamwambia mama, kwa hasira ya mtu aliyeishiwa, "Lakini Mami, nilikuomba useme migomba. Wataweka alama. Watabomoa."

"Najua wanabomoa. Mimi pia husikia redio." Sasa alinigeukia. "Nyinyi mnataka kuinua huo ukuta, maji ikuwe mingi, mashua zitembee. Nimeogopa hii maji tangu uwe mdogo hivi. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Sasa serikali imekuja yenyewe kuniuliza, halafu niseme migomba? Baba, mimi nimezeeka. Ikikuja tena, nani ataweka nani juu ya kabati?"

Niliweka kiganja changu juu ya ule mstari.

"Paka," mama akamwambia kijana. "Paka vizuri ionekane."

Alipaka ukuta wa nje, kando ya mlango, akaomba msamaha mara mbili. Nilikaa kwenye jiwe la tangi nikalia bila kujificha.

Tingatinga halikuhitajika. Tuliezua mabati wenyewe na kubomoa ukuta jiwe kwa jiwe, mama akiwa tayari yuko kwetu Jamhuri. Matete yameota vizuri mle ukingoni, na ukiinama unaona tilapia wadogo wakikimbiakimbia. Gati limejengwa. Watu wa mjini huja Jumamosi na watoto wao, wanapanda mashua, wanapiga kelele za furaha, na mimi kama mwenyekiti huwapa maboya ya kuvaa na kuyakaza kamba mwenyewe. Wananiona mkali. Nikimwona mtoto amesimama ukingoni peke yake, namkimbilia.

Kabati lilipandishwa ngazi za Jamhuri na wanaume wanne walionitukana kila ghorofa. Liko sebuleni, limekula nusu ya chumba.

Alasiri moja mvua ikaanza, ile mvua nzito inayofanya Barabara ya Ngong isionekane. Mama alitoka chumbani kwake amevaa gambuti. Alichungulia dirishani. Akamtazama binti yangu aliyelala kifudifudi sakafuni akichora, kisha akalitazama kabati, kisha binti yangu tena.

"Hii ni gorofa ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya tatu, Mami."

"Ya tatu ni juu?"

"Ni juu sana."

Akavuta kiti, akakiweka karibu na kabati, akaketi. Gambuti hakuzivua. Binti yangu aliziona, akaanza kucheka, kicheko kile kile chetu cha zamani. Nilikwenda nyuma ya mlango nikachukua gambuti zangu za bwawani, zingali na matope, nikazivaa, nikaketi chini kando ya miguu yake.