Tumbawe Kijitoni

Chokaa mpya ikimwagiwa maji, harufu yake hunisimamisha njiani. Narudi utotoni, mimi na mama tukipanda kutoka stesheni na vikapu vya matumbawe yaliyoletwa na gari la moshi kutoka pwani, mazito kuliko milima ya Uluguru yote. Mdachi alitaka boma jeupe, na tanuri lake la chokaa halikushiba.

Bibi mmoja wa pwani ndiye aliyeyachoma. "Haya si mawe, mjukuu wangu," aliniambia akijifuta jasho. "Yalikuwa hai. Samaki walizalia humu. Kwetu sasa mwamba umebaki kipara."

"Yakirudi majini yatapona?"

Akaongeza kuni tanurini. Alikuwa hoi.

Nikaiba moja lenye matawi, nikalilaza kwenye kijito cha mlimani. Kila asubuhi nililipelekea ugali, jumla yake labda gunia zima.

"Unalisha jiwe, wewe?" mama alinicheka.

Siku lilipoota kijani, nilimvuta bibi kwa mkono hadi kijitoni. "Limepona, bibi."

Akainama, akaugusa ule utelezi wa kijani kwa kidole.

"Basi lichunge vizuri," akasema.

Kisha akarudi tanurini, akamwaga kikapu kilichofuata.