Kirusi cha Baba Mdogo Hakijabadilika

Jamani, shangazi yangu haogopi kitu. Nyoka anamuua kwa ndara. Maabara anashinda na damu zenye virusi, glavu mbili mbili, akirudi nyumbani anafungua mlango kwa kiwiko, mazoea tu. Basi siku niliyomkuta jikoni sufuria inaungua na yeye anaitazama tu, nikajua kuna jambo.

"Shangazi, inaungua!"

"Damu ya baba yako mdogo iko kwetu maabara," akasema.

Baba mdogo ana virusi vya UKIMWI, nyumbani hatufichani, mwenyewe anatania kabisa. Ila virusi vilikuwa vimepanda ghafla, daktari akahofia vimekuwa sugu. Na vikiwa sugu, dawa za kubadilishia si nyingi.

Nikauliza wanapimaje. Siku zote shangazi akifundisha anachangamka, mikono juu! Siku hiyo aliongea kama anasoma tanzia. Wanatoa kirusi kwenye damu, mashine inanakili kipande chake mpaka nakala zinajaa, nyingine inasoma herufi za vinasaba vyake moja moja. Kisha wanalinganisha na kirusi cha kawaida. Herufi ikibadilika pale pabaya, dawa haikikamati tena. Kama mwizi aliyejipaka mafuta.

"Si uchungulie tu?"

"Ya ndugu hatushiki. Nimempa mwenzangu. Namba ya kichupa chake naijua, ndiyo maana hata chumba kile siingii."

Yaani siku hizo! Simu ikilia anaruka. Nikimwona hivyo nami nakosa usingizi.

Halafu jioni moja baba mdogo huyo, sauti imefika kabla ya mwili.

"Dada! Kirusi changu mshamba! Hakijabadilika hata kidogo! Dawa zote zinakiweza!"

Akanibeba juu, nikapiga kelele za furaha. Shangazi hakucheka.

"Daktari kasema nini tena?"

"Kasema nikae tuongee. Nikamwambia nakuja, mbio huku. Cheka basi, dada!"

"Kaa chini. Dawa zinakiweza, na bado kimekujaa damuni. Sasa nani kazizuia?"

Mimi nilichelewa kuelewa. Kirusi hakikuwa kimeishinda dawa. Dawa haikuwa imefika.

"Unameza?"

"Nameza."

"Mdogo wangu."

"Nilikuwa nameza," akasema, na ile sauti yake kubwa ikaisha kabisa. "Tangu mchumba wangu ahamie kwangu... ningeficha wapi kopo? Nikaziacha. Nikajiona mzima."

"Hajui?"

Akatikisa kichwa. Shangazi akashika meza.

"Ulipokuwa unameza, vilikuwa vimelala, usingemwambukiza. Sasa vimeamka. Umemlaza nani ubavuni, we mtoto?"

"Atanikimbia, dada."

"Akikimbia ana miguu yake. Mpigie."

Akapiga, jasho linamtoka. "Mpenzi, njoo kwa dada. Hapana, sijafa. Njoo tu."

Mchumba alipofika nikafukuzwa, nikasikiliza mlangoni, nani asingesikiliza? Baba mdogo alimwambia mwenyewe, kwa vipande vipande. Mchumba hakulia. Akauliza, "Wifi, na mimi nimeshapata?"

"Sijui, wifi yangu. Twende ukapimwe."

Alipimwa, hakuonekana navyo. Tulipumua nusu tu, maana wamesema maambukizi mapya huchelewa kuonekana, wakampa dawa za kujikinga na siku ya kurudi. Baba mdogo kaanza tena za kwake. Akarudisha kitanda chake kwetu, sebuleni, kwa amri ya mchumba.

Kila asubuhi huyo mchumba anakuja, anasimama mlangoni na mkoba begani.

"Fungua mdomo," anamwambia. "Nyanyua ulimi."

Anaangalia, anaondoka kwenda kazini. Hajasema kama harusi ipo.